Hema la Wagumu

Zita hakuwahi kugusa hema mpaka alipotimiza miaka thelathini na mitano. Alikuwa ameyaona kwa mbali tu, siku za soko kule Marangu, yamefungwa kwenye mifuko na kubebwa na watu waliokuwa wakielekea mlimani, akadhani ni mizigo ya nguo. Yeye alikuwa mtu wa migomba na mibuni, mzaliwa wa Mwika, akaolewa Mwika hapohapo na Sylvanus, mtoto wa pekee wa mama mjane aliyeitwa Bernadetha. Nyumba yao ilikuwa katikati ya kihamba, shamba la ukoo, na ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, na binti mmoja, Mary.

Kahawa ndiyo iliyowatoa. Mibuni ilikuwa imezeeka, dawa ya kupulizia haikupatikana tena kupitia chama cha ushirika kama zamani, na wanunuzi wapya waliokuja na magari yao walitaja bei leo wakaigeuza kesho. Mwaka 1993 Sylvanus aliacha panga lake limening'inia ukutani, akaenda kubeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima. Wapagazi wa huko hujiita wagumu. Baada ya safari tatu alirudi na midomo iliyopasuka kwa baridi, akamwambia mkewe kuwa kampuni iliyompa kazi inatafuta mwanamke wa kufua na kutunza vyombo stoo. Wakamwacha Bernadetha kihambani na ng'ombe wake, wakapanga chumba Pasua, mtaa wa Moshi, pamoja na Mary, wakawa watu wa mjini wanaorudi nyumbani Jumapili kusali.

Stoo ile ilikuwa na mtu mmoja aliyeijua kazi, Mzee Nurdin, fundi wa Moshi mjini ambaye maisha yake yote alikuwa ameshona maturubai ya malori. Siku ya kwanza alimpa Zita hema dogo jepesi, la watu wawili, akamwambia alifunge. Zita alilikunja kama anavyokunja shuka, kona juu ya kona, akalipiga pasi kwa viganja na kumkabidhi huku akijisikia amefaulu. Mzee Nurdin alilitazama, kisha akalikung'uta lote likamwagika chini.

"Umelikunja vizuri, mama Mary," alisema, "lakini umelikunja la kuweka kabatini. Hili linakwenda juu. Huko atalifungua mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi, upepo unampiga, giza linaingia. Mtu huyo hana muda wa kutafuta. Kila kitu akikute pale anapokitegemea."

Akapiga magoti kando yake, akamwonyesha. Kwanza hema likung'utwe na sakafu yake ifagiwe, kwa sababu punje moja ya mchanga ikibanwa ndani ya mkunjo hukitafuna kitambaa mpaka kikatoboka. Likaushwe kivulini, jua kali huliozesha taratibu bila mtu kuona. Ganda la nje, lile la kuzuia mvua, kama limelowa lifungwe peke yake kwenye mfuko wa nailoni, lisilale na la ndani likaliambukiza unyevu. Zipu za mlango ziachwe wazi kidogo, hewa ipate pa kutokea. Kisha hema likunjwe kwa upana uleule wa mfuko wa fito, liviringishwe kuanzia nyuma kuelekea mlangoni, goti likisukuma hewa mbele.

"Na usifuate mkunjo wa jana," Mzee Nurdin alisema. "Kitambaa ukikikunja palepale kila siku, siku moja kitakatika palepale."

Zita aliuliza juu ya zile fito za alumini, zilizounganishwa vipande vipande kwa uzi wa mpira uliopita ndani yake.

"Hizo ndizo mifupa. Usianzie mwisho. Anzia katikati, ukunje nusu kwa nusu, ili mpira uvutike sawa pande zote. Ukianzia mwisho, unaunyonga. Na kila unapokunja, pitisha kidole kwenye maungio. Macho hayaoni ufa. Kidole kinauona."

Kwa wiki moja Zita alifunga na kufungua hema lile mpaka magoti yakachubuka. Baada ya mwaka, mzee mwenyewe alikiri kuwa mikono ya mama Mary imempita. Wagumu walioondoka alfajiri walijua mzigo uliofungwa naye kwa kuushika tu: haukuwa na tumbo wala mkia, ulikaa begani kama umezaliwa hapo.

Sylvanus alikuwa akimtania. Jumamosi moja, chumbani Pasua, Zita alitandika shuka, akachukua vijiti vya ufagio vikawa fito, akaanza kumfundisha.

"Mimi hema nalibeba," Sylvanus alisema, "silifanyii harusi."

"Kaa chini, baba Mary. Ukilifunga hovyo huko juu, mimi ndiye ninayelia nalo hapa chini."

Akakaa. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye vidole vinene vilivyozoea jembe, na Mary alicheka mpaka akalala sakafuni alipomwona baba yake akiviringisha shuka kwa goti. Lakini alijifunza. Msimu uliofuata, katika kundi lake, yeye ndiye aliyeachiwa kufunga mahema kila asubuhi kambini, na yakirudi stoo Zita alikuwa akiyatambua kabla ya kusoma namba.

Hiyo ndiyo miaka waliyoishi vizuri. Haikuwa mingi.

Mwishoni mwa 1997 zikaja mvua za El Nino. Mashamba ya mpunga kule Mabogini yakawa ziwa, barabara za Pasua zikawa matope ya kufika magotini, na mlima ukajifunika wiki baada ya wiki. Wageni hawakuacha kuja. Walikuwa wameshapanga safari zao mbali huko kwao. Kundi likishuka, jingine linapanda kesho yake. Kamba za kuanikia uani hazikuwa na kazi, kwa hiyo Zita alikuwa akiyaning'iniza mahema ndani ya stoo, akiyafuta moja moja kwa matambara na bado yakiondoka na unyevu. Mzee Nurdin alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya macho. Zita alibaki peke yake.

Jumanne moja ya Januari, kundi la wageni wanane lilikuwa linaondoka kwa njia ya Machame. Lori lilikuwa limeshaegeshwa uani, injini ikinguruma. Zita alikuwa akipitisha kidole kwenye fito za hema la mwisho, la kijani, la watu watano, na kidole kikakwama. Kwenye mdomo wa ungio moja palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Alifungua boksi la vipuri. Vile vibomba vidogo vya kuungia fito vilikuwa vimekwisha tangu Krismasi, na alikuwa ameshaomba mara mbili viagizwe. Akaenda kwa meneja, aliyeitwa Eliufoo, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na orodha mkononi.

"Bwana Eliufoo, hili la kijani lina ufa. Lisiende."

"Liko jingine?"

"Hakuna. Yote yako mlimani."

"Basi liende kwa wagumu. Ya wageni ni mazima?"

"Ya wageni ni mazima."

"Basi tumemaliza. Wagumu wanajua kujibana."

Akageukia orodha yake. Zita alirudi ndani. Mahema ya wagumu yalikuwa mawili: la kijani na la bluu. Wagumu walikuwa makundi mawili. Kundi moja lilikuwa la vijana wapya kazini, waliochukuliwa wiki ile kutoka Pasua, wengine wakiwa na viatu vya mitumba visivyo na soli. Hawakuwahi kuiona theluji kwa karibu. Kundi la pili lilikuwa la Sylvanus.

Alisimama na ule ufito mkononi. Baadaye, miaka mingi, alijaribu kukumbuka alisimama kwa muda gani, na mara alidhani ni muda mrefu, mara alidhani hakusimama hata kidogo. Alikata kipande cha bati kutoka kwenye kopo la maziwa, akakizungusha penye ufa, akakikaza kwa plasta raundi kumi. Akalifunga hema kama anavyolifunga siku zote, akatoka nalo kwenye mvua mpaka kwenye lori.

"Baba Mary," alimwambia mumewe, sauti ya chini, "hili ufito mmoja una ufa. Nimeufunga. Ulisimamishe wewe mwenyewe, usimwachie mtu. Upande wenye plasta usiuweke kwenye upepo."

"Kwa nini unipe mimi?"

"Kwa sababu wewe utaliangalia. Wale watoto wakipewa watalivunja siku ya kwanza."

Sylvanus alilipokea, akalitupia begani, akacheka. "Haya. Mke wangu ananipa bovu kwa kuwa ananipenda."

Wenzake nao wakacheka. Zita pia alicheka. Lori likaondoka.

Siku ya sita lilirudi, saa nane mchana. Zita alitoka uani akihesabu vichwa nyuma ya lori kama alivyozoea, akaona vichwa vimeinama kuzunguka kitu. Sylvanus alikuwa amelazwa juu ya magodoro ya wageni, macho wazi, akihema kwa sauti kama ya maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya zambarau.

Walimpeleka hospitali kwa lori lilelile. Ronald, mgumu mwenzake wa siku nyingi, ndiye aliyemweleza Zita yaliyotokea, wote wawili wamekaa kwenye benchi la veranda, Ronald akiwa bado na matope ya mlimani kwenye suruali.

Kambi ya Barafu, alisema, theluji ilianza saa tisa mchana. Haikuwa ile kavu inayopeperuka. Ilikuwa nzito, imelowa, ikirundikana juu ya mahema kama saruji. Sylvanus alikuwa akitoka kila mara kuikung'uta, hakukubali mtu mwingine atoke. Siku iliyofuata alipokuwa amesinzia kidogo, kabla hakujapambazuka vizuri, ule ufito ukakatika. Ncha yake ikalichana ganda, hema lote likawalalia, na maji ya theluji yakawaingia. Walihamia kwenye hema la mpishi, wakabanana. Sylvanus alikuwa amelowa kuliko wote kwa sababu ndiye aliyebaki kuokoa mizigo ya wageni isilowe.

"Asubuhi tukamwambia apumzike, tumgawie mzigo wake," Ronald alisema. "Alikataa. Alikaa chini kwenye theluji akalifunga lile hema, shemeji. Lilivunjika, limechanika, yeye analifunga. Kiongozi anapiga kelele twendeni. Akasema subirini. Alikohoa njia nzima ya kushuka. Kufika Mweka, hakuweza tena kusimama."

Zita aliinuka akaingia wodini.

Alikaa na mumewe siku mbili. Hewa ilikuwa inaingia kifuani mwake kidogo sana, maneno yakawa ya kuhesabu. Alimuulizia Mary. Aliuliza kama ng'ombe wa mama amezaa. Siku ya pili asubuhi alifumbua macho, akamtafuta mkewe kwa mkono juu ya shuka.

"Hema nimelifunga," alisema.

"Ronald ameniambia. Pumzika."

"Ulifungue wewe. Usimpe mtu mwingine."

Zita alitaka kumwambia amsamehe. Neno lilikuwa limeshafika kooni. Lakini aliona kuwa akilisema, atakuwa anamwomba mtu asiye na pumzi atumie ile aliyonayo kumjibu, akalimeza. Saa nne hivi Sylvanus alifariki, jua likiwa limechomoza kwa mara ya kwanza wiki nzima, na watu uani wakianika nguo zao.

Walimzika kihambani Mwika, kati ya migomba, kando ya baba yake. Watu walikuja wengi. Wagumu walikuja na jeneza begani tangu barabara kuu, kwa sababu gari halikuweza kupita kwenye matope, na hawakukubali ndugu wapokezane nao. Bernadetha hakulia mbele za watu. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akimwangalia kila anayefika kana kwamba angeweza kuwa mwanawe. Zita hakuweza kumtazama machoni.

Baada ya wiki tatu alirudi kazini. Mfuko wa lile hema la kijani ulikuwa umewekwa kwenye rafu mahali pake, na hakuna aliyeugusa. Ronald alikuwa amewakataza. Zita alifunga mlango wa stoo, akautoa, akaushika. Haukuwa na tumbo wala mkia.

Aliufungua polepole. Ganda la nje lilikuwa peke yake kwenye mfuko wa nailoni, limeota ukungu mweusi, limeoza, lakini la ndani lilikuwa limesalimika. Lilikuwa limekunjwa kwa upana wa mfuko wa fito, limeviringishwa kuelekea mlangoni, zipu zimeachwa wazi kiasi cha vidole viwili. Mkunjo haukufuata ule wa Zita. Ulikuwa umesogezwa kando kidogo, kama alivyomfundisha. Vigingi vyote vilikuwa kwenye kifuko chao, vimefutwa udongo. Na ule ufito uliovunjika ulikuwa umekunjwa kuanzia katikati, na pale penye ncha kali, ili usichane kitambaa, Sylvanus alikuwa ameuvalisha soksi yake ya sufu na kuifunga kwa uzi wa kiatu.

Alikuwa ameivua mguuni. Kwenye theluji.

Zita alikaa chini kwenye saruji, ile soksi mikononi. Alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba, bila sauti, mdomo umefunguka, mpaka watu wakagonga mlango. Hakujua kama alichokiona mbele yake kilikuwa msamaha, au salamu, au mazoea tu ya mikono iliyofundishwa ikajua.

Mwezi wa nne meneja alimwambia hema la kijani litafutiwe ganda jingine, ufito uungwe, lirudi kazini, maana msimu wa wageni unakaribia.

"Halitarudi," Zita alisema.

"Mama Mary, ni mali ya kampuni."

"Ni mali yenu. Lakini ufito wenye ufa hautatoka tena mlango huu, si kwa mgeni, si kwa mgumu. Ukitaka utoke, toka nao wewe, ukaulalie wewe."

Huenda Eliufoo alifikiria kumfukuza. Huenda pia alikumbuka siku ile mlangoni na orodha mkononi. Aliondoka, na wiki iliyofuata boksi zima la vipuri likaletwa. Tangu hapo Zita alianza kukagua mahema ya wagumu kabla ya ya wageni, kila safari, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililombakia, nalo lilikuwa Mwika. Kila Jumapili alikula chakula cha mama mkwe wake akiwa na siri ya lile hema kifuani. Ilimchukua mwaka mzima na miezi. Jumapili moja baada ya misa alikata jani la isale kwenye ua wa kihamba, akalifunga fundo, kama anavyofanya mtu anayekwenda kuomba radhi, akamfuata Bernadetha jikoni. Bibi alikuwa akimenya ndizi za mtori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi aliliona jani. Kisu kikasimama.

Zita alipiga magoti, akamweleza yote: ufa, bati la kopo la maziwa, mahema mawili, makundi mawili. Hakuacha kitu. Akamwambia hata kicheko cha Sylvanus.

Kuku waliingia jikoni wakatoka.

"Wale waliopewa hema zima," hatimaye Bernadetha aliuliza, "wana mama?"

"Wana, mama."

"Walirudi?"

"Walirudi wote."

Bibi alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea lile jani, akaliweka kando ya maganda ya ndizi. "Nimelipokea," alisema, "kwa sababu isale haikataliwi. Ila usinitake nifurahi, Zita. Nilikuwa na mmoja tu."

Akachukua kisu akaendelea kumenya. Baada ya kitambo akamsogezea Zita nusu ya ndizi zilizobaki, na wakamenya wote wawili.

Zita alifanya kazi stoo mpaka 2005, magoti yalipokataa kupigwa sakafuni. Alikuwa ameshawafundisha wanawake wengine wanne. Aliwafundisha kila kitu isipokuwa namna ya kuchagua nani apewe kibovu. Hilo aliwaambia kwamba halifundishwi, likiwafika wakatae kazi. Mary alikuwa ameshakuwa mwalimu Mwanza, akamwita mama yake aje kuishi naye kule ziwani. Zita akakataa, akarudi kihambani.

Bernadetha alikuwa amezeeka sana, haoni vizuri. Zita alimwogesha, akamkatia ng'ombe majani, akampikia uji. Kwa miaka ile yote bibi alikuwa amemwita kwa jina lake tu, Zita, kama jirani. Hakuwahi kumsema vibaya wala kumlaumu mbele ya mtu. Ila hakumwita tena mwanangu, na Zita hakulidai.

Novemba ya mwaka ule, siku ya kuwaombea marehemu, walikwenda pamoja kwenye makaburi kati ya migomba. Zita alipalilia, bibi amekaa kwenye kigoda akipitisha rozari vidoleni. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka msituni. Bibi alisikia matone ya kwanza yakigonga majani ya migomba, akainua uso.

"Mvua hiyo," alisema. "Nishike mkono."

Zita aliweka jembe chini, akamshika, na wakaanza kurudi nyumbani taratibu, kwa mwendo wa bibi.